Swaumu na Mashine Iliyopigwa Marufuku

Mwaka 1974, mwaka ule wa njaa na wa unga wa njano ambao watu waliuita yanga, Swaumu binti Shaban alikuwa na hoteli karibu na stesheni ya Tabora. Kuiita hoteli ni desturi tu ya mji. Lilikuwa baraza lililoezekwa bati, meza mbili ndefu, mabenchi, na jiko la mkaa nyuma ya pazia la khanga kuukuu. Palikuwa na chai, palikuwa na maandazi ngano ilipopatikana, na mihogo ya kuchemsha ilipokosekana. Lakini kilichowaleta watu hasa ni redio. Swaumu aliiweka juu ya kabati, na betri zake alizianika juani kila asubuhi kwenye ungo mmoja na pilipili, zipate nguvu za kufika taarifa ya habari ya saa saba mchana.

Siku moja katika taarifa hiyo mtangazaji alisoma kwamba serikali imepiga marufuku kuingiza nchini mashine ziitwazo kompyuta. Hakufafanua. Akaendelea na habari za mvua.

"Safi sana!" alisema Ngollo, akapiga meza mpaka vikombe vikalia. Ngollo alikuwa fundi cherehani, na pia balozi wa chama wa nyumba kumi za mtaa ule. "Hapo serikali imefanya jambo la maana."

"Jambo gani?" aliuliza Swaumu, birika mkononi.

"Si umesikia? Wamezizuia hizo kompyuta."

"Nimesikia. Ni kitu gani?"

Ngollo alikohoa. "Ni vitu vya mabeberu."

"Hata cherehani yako imetoka kwa mabeberu, Balozi. Nauliza kinafanya nini."

Masolwa, gadi wa treni za mizigo, mtu aliyefika Kigoma na Mwanza na Dar es Salaam kila mwezi na kwa hiyo alitegemewa kujua mambo, alisema anavyosikia ni chombo cha kijeshi. Ukikielekeza kwenye nyumba unawaona waliomo ndani. Mtu mmoja wa benchi la nyuma akasema kama ni hivyo basi kizuiwe mara mbili. Watu wakacheka, lakini wengine walitazama ukuta.

"Si cha kijeshi," alisema mwalimu Eustace, aliyefundisha hesabu. "Nimesoma gazetini. Ni mashine ya kuhesabu. Nasikia inamaliza hesabu za mwaka mzima kwa mchana mmoja."

Swaumu aliweka birika chini. "Kubwa kiasi gani? Inakwenda kwa mafuta au umeme? Inapiga kelele?"

"Mama, sijui. Sijawahi kuiona."

"Na wewe unaunga mkono izuiwe?"

Eustace alifikiri, kisha akatabasamu kwa haya. "Kusema kweli, nilikuwa nimeshaunga mkono kabla hujaniuliza."

Ndivyo lilivyoanza. Wateja waliona ni mzaha wa siku moja, lakini Swaumu hakuwa mtu wa kuacha swali katikati. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, na aliwahi kumsimulia jinsi alivyobeba sanduku la mgeni mmoja kutoka hapa Unyanyembe mpaka Ujiji, sanduku zito lililolia ndani kila alipokanyaga. Hakuambiwa lina nini, na alikufa hajui. Swaumu alikuwa mtoto aliposikia habari hiyo, akakasirika. "Kwa nini hukuuliza, babu?" Mzee alimjibu kwamba mpagazi haulizi, mpagazi anabeba.

Isitoshe, mambo ya mashine yalikuwa yamempata yeye mwenyewe. Kabla ya uhuru alikuwa akitwanga mpunga wa wenye maduka kule Kanyenye, yeye na wanawake wenzake, tangu alfajiri mpaka jua kupanda. Ikaja mashine ya kukoboa. Kazi ilikatika kama uzi. Swaumu alilia, akawalaani wenye mashine na aliyeitengeneza. Halafu malengelenge ya viganja yakapona, akapata muda, akaanza kuuza chai pale stesheni. Tangu siku hizo hakuwa ameweza kuamua kama mashine ile ilimtendea wema au ubaya. Kwa hiyo aliposikia nchi nzima imeamua juu ya mashine nyingine kwa mstari mmoja wa redio, alitaka sana kujua wameamuaje.

Jumapili ikawa na mkutano wa tawi la chama. Mwenyekiti alisoma tamko refu la kuunga mkono hatua mbalimbali za serikali: za kilimo, za kuhamia vijijini, za kubana fedha za kigeni, na mwishoni hiyo ya kompyuta. Akaomba wanaokubali wanyoshe mikono. Mikono ikapanda kama mtama. Mkono wa Swaumu ulibaki mapajani.

"Mama wa pale nguzoni," alisema mwenyekiti, "unapinga?"

Swaumu alisimama. "Sipingi, ndugu mwenyekiti. Mengine yote nanyosha. Hiyo ya mwisho sijaijua ni kitu gani. Atakayeniambia, nitanyosha au sitanyosha."

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alimwuliza katibu kama anajua; katibu akatazama karatasi zake. Mwisho mwenyekiti akasema jambo hilo limeamuliwa na wataalamu, na kwamba wananchi wanaombwa imani. Swaumu akasema imani anayo, maarifa ndiyo hana, akakaa. Hakusema kwa ukali. Lakini watu waliokaa karibu naye walisogea kidogo, kila mmoja kama aliyekuwa akitafuta kivuli.

Kesho yake Ngollo alifika hotelini mapema, kabla ya wateja.

"Bi Swaumu, unanitia mashakani. Mimi ndiye balozi wako. Wananiuliza, yule mama ana nini? Ametumwa na nani?"

"Nimetumwa na kutojua, Balozi."

"Sasa wewe kunyosha mkono kunakuuma nini? Kwani hiyo kompyuta ulikuwa unainunua?"

"Sikuwa nainunua. Lakini mtu akiniuliza kesho, kwa nini ulikubali, nitamwambia nini? Kwamba Ngollo alinyosha?"

Ngollo aliketi. Swaumu alimmiminia chai, naye akainywa mpaka mwisho. Alipoondoka alisema taratibu, kama ndugu, "Basi uliza. Lakini usiulize kwa sauti."

Wiki zilizofuata baraza lilipungua watu. Sukari ya hoteli, iliyogawiwa kwa kibali kwenye duka la ushirika, ilichelewa. Labda ilichelewa kwa kila mtu. Mwaka ule kila kitu kilichelewa. Swaumu hakuwa na njia ya kujua, na hilo lilimsumbua kuliko sukari yenyewe. Alianza kusita asubuhi akiwasha jiko. Mara mbili alijiambia kwamba mkutano ujao atanyosha mkono yaishe. Kisha mtu angetaja lile neno, kompyuta, naye angejikuta amesimama na kikombe anasikiliza.

Aliyemfungulia njia ni Masolwa. Alishuka kwenye treni ya mizigo iliyotoka Igalula, akala mihogo yake, akasema, "Bi Swaumu, mimi nilikuambia uongo kuhusu ile mashine ya kuona ndani ya nyumba. Nilisikia kwa mtu, naye alisikia kwa mtu. Lakini nimekutana na kitu cha kweli. Unamjua mzee Bernardo wa Itetemia, mkulima? Binti yake amerudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anafanya kazi kwenye hiyo hiyo kompyuta."

"Mwanamke?"

"Msichana tu. Flavia."

Siku iliyofuata Swaumu alifunga hoteli, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Alifunga majani ya chai kwenye pembe ya khanga kuwa zawadi, akatembea mpaka Itetemia.

Mzee Bernardo alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba yake, anachonga mpini wa jembe. Rozari ilining'inia kwenye msumari juu ya mlango.

"Mwangaluka," Swaumu alimsalimu kwa Kinyamwezi, kisha akaongeza, "shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mjini kwa miguu, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kuuliza habari za kompyuta."

Mzee aliacha kuchonga. Alimtazama mgeni, akatazama majani ya chai, akaita, "Flavia! Kuna mtu wako huku."

Flavia alikuja na ungo wa karanga alizokuwa akimenya. Alikuwa mwembamba, nywele amezisuka mabutu, na alipoamkia macho yake yalikuwa na tahadhari.

"Mama, kama umetumwa na ofisi, mimi nilishaondoka. Ofisi yetu imerudi kwenye madaftari, nasi wa mashine tukapunguzwa. Sina la kusema juu ya mtu."

"Sijatumwa. Nataka kujua ni kubwa kiasi gani."

Flavia alisubiri swali jingine, ambalo pengine ndilo lingekuwa swali lenyewe. Halikuja. Akacheka ghafla, akavuta kigoda.

"Kubwa kama nyumba hii, mama. Si kitu kimoja, ni makabati. Mengine yanazunguka ndani kama gurudumu la cherehani. Chumba kina mashine yake ya baridi, maana ikipata joto inagoma. Dar es Salaam nje watu wanatokwa jasho, sisi ndani tumevaa sweta."

"Watu wanavaa sweta kwa ajili ya mashine!"

"Wanavaa. Nayo inakula kadi."

Aliingia ndani akarudi na kadi ngumu, ya rangi ya maziwa, imetobolewa vitundu vidogo vya pembe nne. Mama yake alikuwa akichomekea sindano humo. Kazi ya Flavia ilikuwa kutoboa. Mbele yake ananyoosha karatasi ya majina na mishahara, vidole vinapiga, mashine yake ndogo inatoboa, na kila kadi ni mtu mmoja. Mchana kutwa, wasichana wameketi safu moja.

"Kwa hiyo mimi ningekuwa vitundu," alisema Swaumu, akiinua kadi juani na kuchungulia.

"Vitundu vyako mwenyewe. Ukikosea kimoja, mshahara wa mtu wa Mtwara anapewa mtu wa Bukoba."

"Sasa hiyo mashine inavisomaje? Ina macho?"

Flavia alifikiri namna ya kumweleza. Kisha akachukua majani makavu ya mhindi, akayakata vipande vya ukubwa mmoja. "Hawa ni wateja wako, mama. Wanaokunywa chai ya sukari tunawatoboa hapa juu. Wasiotaka sukari hatuwatoboi." Akatoboa baadhi kwa sindano, akavirundika vyote pamoja, vikachanganyika. "Sasa nitafutie wa sukari bila kuwaita majina." Akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya unyasi. Penye tundu unyasi ulipita, akakiweka kulia. Pasipo na tundu uligota, akakiweka kushoto. Mara kukawa na mafungu mawili.

Swaumu alitazama. Akaomba afanye yeye. Akavichanganya tena, akapitisha unyasi, akatenga. Alifanya tena na tena, akiongeza tundu la pili kwa ajili ya wanaokula maandazi, mpaka mzee Bernardo naye akaja kuinama juu yao.

"Kumbe ni chekeche!" Swaumu alipiga kelele ya furaha. "Ni chekeche la watu! Unamwaga wote juu, unapata wale unaowataka chini!"

"Ni chekeche," alisema Flavia. "Miaka yote sikupata neno zuri namna hiyo."

"Na inafikiri?"

"Haifikiri, mama. Inatii. Ukiiambia upumbavu, inautii upumbavu, tena kwa haraka."

Walimenya karanga pamoja. Polepole msichana akasema na mengine. Kwamba mashine ilipoharibika, hakukuwa na mtu nchini wa kuitengeneza. Aliitwa fundi kutoka ng'ambo, na wakati wakimsubiri watumishi walikaa bila mshahara. Kwamba fundi huyo alipofika alikuwa akifunga mlango. Flavia aliwahi kubisha, akaomba asimame tu pembeni atazame. Fundi alimwambia kwa upole kwamba si kazi yake, akafunga.

"Wewe unaonaje," Swaumu aliuliza, "wamefanya sawa kuizuia?"

Flavia alivunja ganda la karanga kwa vidole. "Siku tuliyoambiwa tuondoke nililia chooni. Halafu nikaona aibu, maana vidole vilikuwa vinaniuma mwaka mzima na nilikuwa naichukia. Sijui, mama. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Mkutano uliofuata wa tawi ulikuwa na mgeni, ofisa kutoka mkoani, kijana mwenye miwani. Swaumu alikwenda na Flavia, ambaye alikubali kuja kwa sharti kwamba hatasema neno. Wakati wa mengineyo Swaumu alinyosha mkono, na alisikia watu wakivuta pumzi. Ngollo alifunga macho.

"Ndugu mwenyekiti, mkutano uliopita nilisema sijaijua kompyuta. Sasa nimeijua kidogo, nimekuja kutoa maoni yangu. Kama mashine hiyo inanunuliwa kwa fedha za kigeni, na sisi tunakula unga wa kuagiza, basi kuizuia kwa sasa nakubali." Akanyosha mkono juu, ili wote wauone. Watu walianza kupiga makofi, lakini hakuushusha. "Sijamaliza. Nimesikia kwamba fundi wake akija anafunga mlango. Mimi ningeomba sheria nyingine iongezwe. Yeyote anayeleta mashine nchini, iwe kompyuta, iwe ya kukoboa mpunga, siku ya kuitengeneza mlango uwe wazi na watoto wetu wasimame watazame. Tukizuia mashine tu bila hilo, siku tutakayoiruhusu tutakuwa wajinga vilevile."

Ofisa aliuliza, "Mama, nani amekuambia habari ya mlango?"

Swali lile halikuwa na ubaya, lakini lilisikika vibaya. Swaumu hakutaka kumtaja msichana. Hapo Flavia akasimama mwenyewe.

"Ni mimi. Nilikuwa ndani."

Ofisa alivua miwani. "Ulifanya kazi kwenye kompyuta? Wewe?"

"Ndiyo."

"Mimi sijawahi kuiona," alisema ofisa, na uso wake ukawa wa mwanafunzi. "Hebu tuambie. Ni kweli wanavaa sweta?"

Basi mkutano ukageuka. Watu waliuliza yote waliyokuwa wameyameza: kama inaongea, kama inaweza kuwahesabu ng'ombe wa mtu bila yeye kujua, kama waliofanya kazi nayo wanapata watoto. Mwalimu Eustace aliuliza kuhusu kadi, akaandika kiganjani. Mwenyekiti mwenyewe, baada ya kujizuia muda mrefu, aliuliza kama mashine inaweza kuonyesha nani hakulipa ada ya uanachama. Flavia akasema ndiyo, mara moja. Kukawa na guno mkutano mzima, na mtu akapaza sauti, "Izuiwe!"

Sheria ya mlango haikuandikwa popote. Katibu alieleza kwamba tamko la tawi lilikwishapelekwa wilayani tangu mkutano wa kwanza, na ofisa alisema atalifikisha neno la mama. Kama alilifikisha, hakuna aliyesikia. Sukari ya hoteli ilikuja wiki ile, ikachelewa tena mwezi uliofuata, na Swaumu akaacha kutafuta maana yake. Baraza lilijaa watu kama zamani, zaidi kidogo. Ngollo alimwambia kwamba nusura moyo umtoke, kisha akataka aonyeshwe yale majani ya mhindi.

Flavia alipata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya tumbaku mjini, kwa kalamu na daftari, akapanga chumba Ipuli. Mchana alikuja kunywa chai kwa Swaumu. Ungedhani hao wawili wangekuwa na kauli moja, lakini walibishana mpaka watu wakahamisha vikombe. Kadiri alivyokaa na madaftari, ndivyo Flavia alivyozidi kuamini kwamba katazo lilikuwa kosa: wangewafundisha wasichana kumi, akasema, badala ya kufunga bandari. Swaumu alishikilia kwamba mwaka wa njaa si mwaka wa kununua makabati yanayotaka baridi. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Siku moja, katikati ya ubishi, redio ikaanza kusoma habari za muswada mpya unaopelekwa bungeni, na Ngollo, kwa mazoea, akainua mkono kuipiga meza.

Mkono ulikaa hewani. Akamgeukia Swaumu.

"Wamesema unahusu nini?"

"Sijasikia vizuri, Flavia alikuwa anapiga kelele," alisema Swaumu. "Nyamazeni wote, bado anasoma."